Mbona Hooge hawajengi ukuta wakamaliza? Jibu kwa dada wa Bremen

Swali nalifupisha ili na wengine waelewe tunaongea nini. Dada mmoja mzaliwa wa Tanga, sa hivi yuko Bremen, kaniandikia hivi: "Kaka, nimeona picha ya kijiji kinaitwa Hooge huko kaskazini, nyumba ziko juu ya vilima, bahari imezunguka pande zote karibu iguse mlango, ng'ombe wamesimama uani. Hivi Wajerumani na hela zao zote wanashindwa kujenga ukuta? Na kama wanashindwa si wahame? Nauliza kwa sababu mama anakuja mwezi wa nane na anataka kuona bahari ya huku, nimpeleke au nitampandisha presha bure?"

Mdogo wangu, mama mpeleke, tena nadhani ataielewa Hooge kuliko wageni wengi wanaoshuka pale, nitakwambia mbele kwa nini. Hiyo picha uliyoona sio ya kila siku, ni ya siku za dhoruba na dhoruba zenyewe zaidi ni za kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili wa tatu, mwezi wa nane utakuta majani ya kijani, ng'ombe, baiskeli na Wajerumani wanakula keki.

Ila hilo la ukuta ndo swali lenyewe. Uwezo wa kujenga wanao. Hawautaki. Hooge inaishi kwa kufunikwa na maji, na ukiizuia bahari isiingie kabisa unakuwa umeanza kuiua polepole. Najua inasikika kama maneno ya mganga lakini nivumilie kidogo.

Pale ni kijiji chenye watu kama mia hivi, kina meya wake na baraza lake kama kijiji kingine chochote cha Ujerumani, kiko wilaya ya Nordfriesland karibu na mpaka wa Denmark. Ardhi yake haifiki kilomita za mraba 6. Kisiwa cha namna hiyo wenyewe wanakiita hallig, yaani kipande cha ardhi ya chini, bapa kama sinia, ambacho hakina ukuta mkubwa wa bahari. Zimebaki 10 tu duniani na zote ziko eneo hilo hilo, zamani zilikuwa nyingi sana. Hooge ni ya pili kwa ukubwa, Langeneß ndo inaizidi. Huo uwanda unazidi maji kujaa ya kawaida kwa kama mita moja tu, basi, kwa hiyo nyumba hawajengi chini, wanajenga juu ya matuta ya udongo yaliyojazwa kwa mikono karne na karne, tuta moja wanaliita Warft. Hooge ina matuta kama 10, kila moja na jina lake, Hanswarft ndo kubwa lenye duka na mambo mengi, Kirchwarft ndo lenye kanisa, Backenswarft na mengine. Tuta moja linaweza kuwa na nyumba mbili, lingine dazeni.

Sasa wewe mtu wa Tanga bamvua unaijua. Maji ya bamvua (yale makubwa) na maji mafu (yale madogo) yako vile vile kule, mwezi ni ule ule mmoja, na tofauti ya kupwa na kujaa kwa Hooge ni kama mita 3 hivi, sio mbali sana na kwetu. Lakini mwezi peke yake hauwezi kuzamisha hallig. Kinachoizamisha ni upepo. Pwani ya pale imekaa kama kona ya chumba, upepo wa magharibi na kaskazini-magharibi ukivuma siku nzima au mbili unayasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini yote kwenye ile kona, alafu yakikutana na saa ya maji kujaa hayana pa kwenda zaidi ya kupanda juu ya ardhi. Hapo wanasema "Landunter", ardhi iko chini. Ng'ombe wanapandishwa juu ya tuta mapema, magari na matrekta yanapandishwa, watoto shule hamna, na kila tuta linakuwa kisiwa chake kwa masaa kadhaa mpaka maji yapwe. Watu wanapika, wanaangalia TV, wanapigiana simu tuta kwa tuta. Kwa Hooge inatokea mara chache kwa mwaka, ila jirani zao wa hallig ndogo kama Nordstrandischmoor inaweza kuwa mara 20 na zaidi, na hawashangai hata kidogo.

Kwa nini waruhusu basi? Siku ukifika usiishie kwenye keki, shuka mpaka ukingoni mwa hallig mahali ambapo bahari imeukata udongo wima, uchuchumae uangalie. Utaona mistari, mstari wa udongo wa mfinyanzi wa kijivu, juu yake mstari mwembamba wa mchanga, labda vipande vya kombe, alafu tena mfinyanzi, tena mchanga, kama chapati iliyokunjwa vizuri ukiikata na kisu. Mistari hiyo ni mafuriko. Kila bahari ilipopanda ilikuja na tope, maji yakatulia juu ya majani, tope likatua, maji yakaondoka yakaliacha. Hallig imejengwa hivyo, unywele kwa unywele. Yale majani mafupi ya chumvi yanalishika tope kama mikoko yetu inavyolishika kwenye mizizi, kazi ni ile ile ila mkoko wao una urefu wa kiganja. Sasa bahari inapanda mwaka hadi mwaka, ukijenga ukuta mrefu tope haliingii, ndani ardhi inabaki pale pale au inadidimia huku maji ya nje yanazidi kupanda, mwisho unakuwa unaishi ndani ya bakuli na pampu haziruhusiwi kuzimika. Ukitaka kuona bakuli lenyewe hauendi mbali, Pellworm iko jirani hapo, ina ukuta kuizunguka kisiwa kizima na sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa maji kujaa. Sisemi watu wa Pellworm wamekosea, wana mashamba mazuri ya ngano ambayo Hooge hawana, nasema tu kila chaguo lina bei yake.

Na Hooge wenyewe sio watakatifu kwenye hili, hapa wengi wanaoandika kuhusu hallig huwa wanapapita haraka. Kati ya 1911 na 1914 walijengewa ukuta mdogo wa mawe kuzunguka, ule wa kuzuia mafuriko madogo ya kiangazi ili nyasi za mifugo zisiharibike na chumvi, ile dhoruba kubwa ya baridi inaruka juu yake. Ndo maana wao wanazama mara chache kuliko jirani. Ilikuwa raha, lakini bili imekuja miaka mia baadae, watafiti wamepima wakakuta Hooge inapata tope kidogo kuliko Nordstrandischmoor isiyozuiwa sana, na inavyopanda haifikii mwendo wa bahari inavyopanda. Kwa hiyo sa hivi maswali yao ni kufungua milango ya ukuta wakati gani, kuyaacha maji yakae muda gani, na huyo mkulima mwenye nyasi atasema nini. Mimi nikiulizwa naona hapo ndipo ilipo akili ya kile kijiji, watu mia wanajadiliana waingize bahari kiasi gani. Hayo majadiliano ni makali, usidhani.

Kuhusu kuhama. Waliwahi kuondolewa wengi, ila walioondolewa na bahari, sio na serikali. Ile pwani yote zamani ilikuwa bara la tope na kinamasi. Watu wa Frisia, ndo kabila la pale, wana lugha yao ambayo imebaki na wasemaji wachache, kwenye karne za kati walikuwa wanachimba udongo wa mboji uliolowa chumvi, wanaukausha, wanauchoma, jivu wanalichuja wanapata chumvi ya kuuza. Hela nzuri. Ila kila ukichimba unaishusha ardhi unayoikanyaga, wakawa wanauza sakafu ya nyumba yao kidogo kidogo. Januari 1362 ikaja dhoruba ikachukua eneo kubwa pamoja na mji wa bandari unaitwa Rungholt, kwa karne nyingi watu waliuhadithia kama sisi tunavyohadithia miji ya majini, mpaka 2023 watafiti wakatangaza wamekuta chini ya tope karibu na hallig ya Südfall alama za kanisa kubwa la mita 40 kwa 15 na mstari wa matuta zaidi ya 50 ya makazi. Alafu Oktoba 1634 ikaja nyingine, maelfu ya watu walikufa usiku mmoja, kisiwa kikubwa cha Strand kikapasuka vipande na Pellworm na Nordstrand ndo vipande vyenyewe. Lile kanisa la Hooge utakaloliona limejengwa miaka michache baada ya hapo, kwa mabaki ya kanisa la kisiwa kilichopasuka. Yaani mbao na vitu vya watu waliozama vikahamia juu ya tuta lingine na ibada ikaendelea. Ingia na mama, ni dogo, limetulia, halichukui dakika 10.

Karne ya 17 na 18 wanaume wa hallig walikuwa mabaharia, wengi waliingia meli za Waholanzi, wakaenda kuvua nyangumi pande za Greenland, wake zao wanabaki na ng'ombe na mafuriko. Waliobahatika walirudi na hela wakajenga. Hanswarft kuna nyumba ya nahodha mmoja ya 1776, sebule imebandikwa vigae vya bluu na nyeupe vya Delft, Uholanzi, ukutani kote, na vitanda viko ndani ya kabati, unafungua mlango wa kabati unalala humo, vifupi vile maana walikuwa wanalala nusu wamekaa. Chumba hicho kinaitwa Königspesel, sebule ya mfalme. Sababu ni hii: Februari 1825 ilikuja dhoruba mbaya sana, kwenye hallig zote walikufa watu zaidi ya 70 na nyumba zikasombwa, na enzi hizo sehemu hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, basi mfalme Frederick VI akaja mwenyewe mwezi wa saba kuwaona waliopata maafa, hali ya hewa ikachafuka boti haikuweza kuondoka, ikabidi mfalme mzima alale kabatini kwa nahodha. Nasikia raha kila nikiieleza hii.

Baadae Wajerumani walipoichukua hiyo pwani, kuanzia miaka ya 1890 serikali ya Prussia ikaanza kuweka mawe kwenye kingo za hallig zisiendelee kumegwa. Hawakufanya kwa huruma tu. Hallig zikiwepo mbele, mawimbi yanavunjikia huko kabla hayajapiga ukuta wa bara, kwa hiyo wale watu mia wakikaa pale na kutunza ardhi wanamlinda na aliye bara. Hilo ndo jibu fupi la "si wahame", wakihama na hallig ikaachwa imegwe, atakayefuata kuloa ni yule aliyewaambia wahame.

Sasa usalama. Nyumba za kizamani za Frisia zilikuwa na ujanja, paa lilibebwa na nguzo za mbao za ndani na sio ukuta, hivyo bahari ikibomoa ukuta wa matofali, paa linabaki limesimama na watu wamekaa darini juu ya nyasi kavu. Februari 1962 ilipokuja dhoruba ile ile iliyoua watu 315 mji wa Hamburg, kwenye hallig nyumba ziliharibika vibaya, maji ya chumvi yakaingia kwenye visima vya mvua na kwenye lile bwawa la katikati ya tuta wanaloliita Fething, ambalo mifugo ilikuwa inategemea. Baada ya hapo wakaletewa bomba la maji kutoka bara, na nyumba zilizojengwa upya zikawekwa chumba cha kujiokoa ghorofani, kimesimama juu ya nguzo zake za zege zilizoingia ndani kabisa ya tuta, hazijaungana na kuta za nyumba. Nyumba yote ikiondoka, chumba hicho kinabaki kama kibanda juu ya miguu minne. Ukilala nyumba ya wageni muombe mwenyeji akuonyeshe, wengi wanatumia kama chumba cha kulala cha kawaida, kuna godoro na vitu vya watoto, ukigonga nguzo ndo unajua hii sio nyumba ya kawaida. Na baada ya dhoruba ya Desemba 2013 serikali ya jimbo ikaamua kuyapanua na kuyainua matuta yenyewe, Hanswarft ikawa kati ya za kwanza. Kwa hiyo kwa mwezi wa nane presha ya mama haitapanda kwa ajili ya bahari, labda kwa bei ya keki.

Kwenye mambo ya viumbe nitakuwa mfupi kwa sababu mwezi wa nane sio msimu wake mkubwa. Msimu mkubwa ni wa nne na wa tano, mabata bukini meusi wadogo wanatua kwa makumi ya elfu kwenye zile hallig kujaza matumbo kabla ya kuruka kwenda Siberia kutaga, wanakula majani yale yale ya ng'ombe, wakulima walikuwa wanagombana nao mpaka miaka ya 1980 serikali ilipoanza kuwalipa fidia, sa hivi kuna hadi sherehe ya hayo mabata kila masika na vyumba vinajaa. Ile bahari ya tope yote ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2009, ndege milioni 10 mpaka 12 hupita kwa mwaka. Aina nyingi za ndege wa tope utawatambua, ndugu zao wako Mafia na Mida Creek kule Watamu, ingawa hawa wa huku wengi njia yao ni ya Afrika Magharibi, wanaishia Mauritania na Guinea-Bissau. Mwezi wa nane utapata ua la zambarau la chumvi limefunika hallig, hilo peke yake linatosha nauli. Na upande wa magharibi utaona kihallig kidogo kabisa, Norderoog, nacho ni cha kijiji cha Hooge, kilinunuliwa 1909 na chama cha kulinda ndege na mlinzi wake wa kwanza, Jens Wand, alikaa huko miaka 40 hivi na ndege wake mpaka 1950 bahari ilipomchukua akiwa anavuka tope kwa miguu. Mtu aliyeijua ile njia kuliko wote.

Ndo maana nakuomba, tope mtembee na muongozaji tu. Wageni wanadhani maji yatakuja kutoka mbele kama filamu, kumbe yanaanza kujaa kwenye hori za nyuma yako, wewe unaokota kombe unafurahi huku njia ya kurudi imeshafungwa. Mama hili halihitaji kuelezwa.

Njia: treni Bremen mpaka Hamburg, alafu treni ya kuelekea Westerland, unashuka Bredstedt au Niebüll, basi mpaka bandari ya Schlüttsiel, feri saa moja na kitu. Saa za feri zinabadilika kutegemea maji kwa hiyo angalia ratiba ya siku hiyo hiyo, usitegemee ya jana. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Bremen ni adhabu, laleni usiku mmoja, tena jioni feri ya mwisho ikiondoka na wageni wote ndo Hooge yenyewe inaanza. Ukishuka gatini kuna magari ya farasi, mchukulie mama hilo, wewe kodi baiskeli. Sweta mbebee hata kama Bremen kuna jua, upepo wa pale hauna adabu. Chakula, kuna kamba wadogo wa kijivu wanaotiwa kwenye mkate, ukubwa wako karibu na uduvi wetu, watamu. Kahawa iitwayo Pharisäer msiiagize kama hamtumii pombe, juu ni krimu safi nyeupe, chini ni ramu, waliibuni Nordstrand 1872 ili mchungaji asisikie harufu, na mpaka leo inadanganya watu.

Mkifika msimpeleke moja kwa moja kwenye makumbusho. Mpeleke kwanza ukingoni maji yakiwa yamekupwa. Ataona zile fito zimechomekwa kwenye tope kwa mistari na matawi yamebanwa katikati, atakwambia ni wando wa samaki, mwambie ni wa kutega tope, atacheka alafu atanyamaza kidogo kuangalia. Kila baada ya hatua ataona vijilima vya mchanga vilivyojisokota kama tambi, ni minyoo ya chambo imejaa humo chini. Na tafadhali mwambie mapema kwamba ile ni hifadhi, maana mwanamke wa Tanga akiona maji yamekupwa namna ile mkono unatafuta kijiti chenyewe, asije akainama akaanza kuchokoa pweza mbele ya askari wa wanyama, na pweza wenyewe kule hamna.